Mshipa wa Dhahabu: Ufa wa Kale Ndani ya Mwamba

Katika machimbo ya dhahabu yaliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, si ajabu mchimbaji kuufuata mshipa kwa miezi mingi, kisha mshipa huo ukatoweka ghafula. Watu husema bahati imemkimbia. Jiolojia hutoa maelezo mengine. Mshipa una utaratibu wake, na utaratibu huo waweza kusomwa. Anayeusoma hulinda mali yake na uhai wake pia, kwa kuwa jambo lililoleta dhahabu ndilo lililoudhoofisha mwamba.

Dhahabu imo katika ganda lote la dunia, lakini ni kidogo mno: wastani wake ni takribani gramu 4 katika tani 1,000 za mwamba. Ili uchimbaji ulete faida, kiasi hicho sharti kiongezeke mara mamia, hata mara elfu. Kazi hiyo ya kukusanya ilifanywa na maji. Kilomita kadhaa chini ya ardhi, maji yenye joto la nyuzi 300 hivi za sentigredi hayachemki, kwani yamebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Maji hayo yakiwa na salfa, huyeyusha dhahabu kidogo kidogo na kuichukua.

Miamba ilipovunjika kwa mitetemeko, nyufa zilifunguka, mgandamizo ukashuka, na maji yakashindwa kuubeba mzigo wake. Silika iliganda ikawa kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, na dhahabu ikanaswa humo. Ufa uliozibwa hivyo uliweza kupasuka na kujazwa tena mara nyingi. Ndiyo maana mishipa mingi huonyesha matabaka yaliyo sambamba na kuta zake.

Miamba ya sehemu hizo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, lakini dhahabu yake haikupangwa kwa namna moja. Huko Bulyanhulu, ambako mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2001, mshipa mkuu ni mwembamba, umesimama karibu wima, na umefuatwa kwenda chini zaidi ya kilomita moja. Huko Geita, sehemu kubwa ya dhahabu imo katika miamba yenye matabaka ya chuma. Maji yalipokutana na chuma, salfa iliungana nacho ikawa pairiti, madini ya manjano yanayong'aa ambayo wengi huyadhania kuwa dhahabu. Maji yaliyopokonywa salfa yaliiachia dhahabu papo hapo.

Ili kuuelewa mpangilio wa mshipa, mambo matatu hupimwa: uelekeo wake juu ya ardhi, mwinamo wake kwenda chini, na unene wake. Tuseme mshipa una mwinamo wa nyuzi 45. Shimo likianzia pale mshipa unapoonekana na kwenda chini wima, katika kina cha meta 30 mshipa utakuwa umekwisha kuliacha kwa meta 30 upande wa mwinamo. Mwinamo ukiwa nyuzi 60, umbali huo utakuwa meta 17 hivi. Hesabu hiyo ndogo ya pembetatu yaweza kumwepusha mtu na hasara kubwa.

Je, mshipa hutowekaje? Mara nyingi haukuisha, bali ulikatwa na ufa mwingine uliotokea baadaye, na upande mmoja ukateleza. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa udongo wa mfinyanzi wa rangi mbili uliopangwa kwa matabaka. Udongo ukikatwa mshazari na nusu moja ikasukumwa, tabaka lililokatika litaonekana juu au chini zaidi katika nusu ya pili. Mgodini, michirizi iliyoachwa na msuguano juu ya uso wa ufa huonyesha mstari wa mteremko huo, na miamba ya pande zote mbili ikilinganishwa, sehemu iliyohama huweza kutafutwa kwa hoja badala ya kubahatisha.

Lakini kando ya mshipa, mwamba mara nyingi umesagika, na mahali pengine maji ya kale yaliugeuza kuwa laini kama udongo. Kwatzi huwa imara, ila kuta zinazouzunguka huweza kuwa dhaifu. Mshipa ulioinama ukiisha kutolewa, ukuta wa juu hubaki ukining'inia juu ya vichwa vya wachimbaji. Maji ya mvua yakipenya katika nyufa zilezile, ukuta huo huweza kuanguka bila onyo. Kwa hiyo matimba ya kuutegemeza, na nguzo za mwamba zinazoachwa bila kuchimbwa, hata zikiwa na dhahabu ndani yake, havihesabiwi kuwa hasara. Ndivyo vinavyochukua nafasi ya jiwe lililoondolewa.