Miguu Isiyotulia na Usingizi wa Usiku

Ugonjwa wa miguu isiyotulia, ambao daktari Karl-Axel Ekbom wa Uswidi aliueleza kwa kina mwaka 1945, ni hitilafu ya neva inayomfanya mtu ashikwe na haja kubwa ya kuisogeza miguu kila anapokaa au kujilaza, haja inayozidi usiku, ikatulia anapoinuka kutembea na kurudi mara anapojilaza tena, hata usingizi ukamkosa.

Katika Nyangwe na vijiji vingine vya Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, anayekesha usiku na kusinzia mchana hushukiwa kwanza kuwa na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao uliwaleta watafiti wa Liverpool hadi Kasongo, alikofia mmoja wao, Joseph Everett Dutton, mwezi Februari 1905 kwa homa ya papasi. Shaka hiyo ni ya haki, na kipimo cha malale hakina budi kutangulia, hasa penye homa za kwenda na kurudi au tezi zilizovimba shingoni.

Malale yasipoonekana, swali linalofuata ni la madini ya chuma, ambayo ubongo huyahitaji ili kutengeneza dopamini, kemikali inayopitisha amri za mwendo baina ya seli za neva. Akiba ya chuma huweza kupungua na kuamsha ugonjwa wa miguu isiyotulia hata kabla upungufu wa damu haujaonekana, na kusini mwa Maniema visababishi vya kupungua huko ni vingi: minyoo ya safura inayonyonya damu matumboni, hedhi nzito, na zaidi ya yote ujauzito, ambao katika miezi yake ya mwisho huuzidisha ugonjwa huu, kisha wanawake wengi hupata nafuu baada ya kujifungua. Kipimo cha akiba ya chuma ni cha feritini, protini inayohifadhi chuma. Isipozidi mikrogramu 75 kwa lita, vidonge vya chuma hupendekezwa, lakini maambukizi huipandisha feritini na kuuficha upungufu, hivyo mwenye malaria hutibiwa malaria kwanza. Vidonge humezwa mbali na chai, na nafuu huchukua majuma kadhaa. Sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, ni chakula chema, ila chuma cha majani hufyonzwa kwa shida kuliko cha samaki na nyama.

Wauguzi wanastahili kukumbuka kwamba metoklopramidi, inayozuia matapishi, na prometazini, inayotuliza mwasho, huweza kuuchochea ugonjwa huu, kwa hiyo mgonjwa ambaye miguu ilianza kumsumbua baada ya matibabu ya malaria achunguzwe dawa alizopewa kabla ya kuongezewa ya usingizi.