Wiki ya kujaribu kwenye tovuti: iwe bure au ilipiwe?

Tovuti zinazotoza ada ya kila mwezi zimeshafika kwenye simu zetu huku Kyela. Zipo za filamu, za magazeti, za masomo na za ushauri wa kilimo. Nyingi humpa mgeni muda wa kujaribu kabla ya kulipa ada kamili. Kijana wa Ipinda au Matema akitaka kufungua ya kwake, atakutana na swali hili mapema: anayejaribu aingie bure, au alipe kidogo? Swali linakuhusu hata wewe unayejiunga, kwa sababu salio linalokatwa ni lako.

Kwa nini wengine hutoza

Tuchukue mfano. Tuseme tovuti ya masomo ya kidato cha nne inatoza Sh5,000 kwa mwezi. Wiki ya kujaribu ikiwa bure, wanaingia watu 100, na 5 tu wanaendelea kulipa. Mwenye tovuti anapata Sh25,000. Wiki hiyo ikiwa Sh500, wanaingia 20, na 10 wanaendelea. Anapata Sh10,000 za majaribio na Sh50,000 za ada. Hesabu hii ni ya kueleza tu, lakini ndiyo inayowavuta wengi: mtu aliyetoa hata shilingi mia tano ana nia, na tayari anajua njia ya kulipa.

Sababu nyingine ni laini za simu. Mtu mwenye laini tatu anaweza kujaribu bure mara tatu.

Upande wa pili wa hesabu

Kwetu hakuna majaribio yaliyo bure kabisa. Kufungua tovuti kunakula bando, na bando ni pesa. Ukimtoza mtu Sh500 ajaribu, amelipa mara mbili kabla hajajua kama kitu kinamfaa. Makato ya kutuma pesa nayo huuma zaidi kwenye kiasi kidogo.

Pia namna ya kulipa inabadilisha mambo. Kwenye nchi ambako watu wengi hulipa kwa kadi ya benki, mteja huacha namba ya kadi siku anapojiunga. Muda wa bure ukiisha, pesa hukatwa yenyewe, na wengi husahau kujitoa. Sisi tukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa, kwa kawaida lazima tuweke namba ya siri kila mara. Kwa hiyo mwenye tovuti wa hapa hawezi kutegemea usahaulifu wa mteja. Siku ya mwisho ya majaribio, inabidi amshawishi upya.

Hata kampuni kubwa zimehangaika na jambo hili. Oktoba 2020 Netflix ilisimamisha mwezi wa bure nchini Marekani. Septemba 2021 ikaanzisha Kenya mpango wa bure kwa simu za Android, bila kuomba kadi ya benki. Mpango huo haukuwa na siku ya mwisho kwa mteja, ila ulionesha sehemu tu ya filamu zake. Ulifungwa Novemba 1, 2023.

Kugonga chungu na kukipikia

Sokoni Lyulilo, jirani na Matema, mnunuzi wa chungu cha Wakisi hukigonga kwanza asikie mlio wake. Hatozwi kwa kugonga. Lakini hawezi kukipeleka nyumbani, akapikia wiki nzima, kisha akakirudisha.

Tunaona kipimo ni hicho. Kama mteja anaweza kumaliza faida yote ndani ya wiki ya kujaribu, mwenye tovuti ana haki ya kutoza. Mwanafunzi anayepata majibu yote ya mitihani iliyopita wiki moja kabla ya mtihani amekwisha kupika. Hapo ni bora kuonesha somo moja au mawili bure, na mengine yalipiwe.

Lakini ushauri wa mpunga au kakao faida yake huja polepole, msimu mzima. Wiki moja ni kugonga tu. Kumtoza mkulima kwa wiki hiyo ni kumfukuza mlangoni. Kama mwenye tovuti analazimika kutoza, basi Sh500 hiyo ipunguzwe kwenye ada ya mwezi wa kwanza.

Kabla hujajiunga

Uliza mambo manne: majaribio yanaisha lini, baada ya hapo utatozwa kiasi gani, pesa itatoka wapi, na utajitoaje. Kuwa makini zaidi na huduma zinazokata salio la vocha, maana ukishakubali kujiunga zinaweza kuendelea kukata bila kukuomba namba ya siri. Namba hiyo usimpe mtu yeyote, hata akisema ni ya kufungulia majaribio.

Ukikatwa bila kukubali, tunza ujumbe uliotumiwa na uanze kulalamika kwa mtoa huduma. Asipokusikiliza, peleka malalamiko TCRA.

Na kwa kijana anayefungua tovuti: andika majibu ya maswali hayo manne kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili chepesi. Kyela watu wanajuana. Mteja aliyekatwa pesa asiyoitarajia atawaambia wenzake kabla jua halijazama.