Lenzi ya Kawaida ya Kamera: Namna ya Kuichagua na Kuitumia

Shule ipatapo fedha kidogo za kununulia klabu ya sayansi kamera, swali gumu huwa ni lenzi. Wengi huvutiwa na lenzi ya kuvuta, ambayo huzungushwa tu na kitu cha mbali kikaonekana karibu. Lenzi ndogo yenye urefu mmoja wa fokasi hudharauliwa kwa kuwa haivuti. Hata hivyo, hesabu chache za darasani zaonyesha kwamba kwa kazi nyingi za shule hiyo ndogo ndiyo yenye manufaa zaidi.

Maana ya "kawaida"

Lenzi huitwa ya kawaida endapo urefu wake wa fokasi unakaribiana na mshazari wa picha inayoangukia ndani ya kamera, yaani mstari utokao pembe moja hadi pembe ya mkabala. Kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925, ilitoa picha ya milimita 24 kwa 36. Kwa kanuni ya Pythagoras, mshazari wake ni milimita 43 hivi. Kamera hiyo ilifungwa lenzi ya milimita 50, na kipimo hicho kikawa desturi. Zipo pia lenzi za milimita 40 zilizo nyembamba sana. Moja ya Canon, iliyotolewa mwaka 2012, ina uzito wa gramu 130 tu.

Kamera nyingi za dijiti zina bamba la kupokea mwanga lililo dogo zaidi, lenye milimita 16 kwa 24 hivi. Mshazari wake ni milimita 29. Kwa kamera hizo, lenzi ya kawaida ni ya milimita 28 hadi 35. Ile ya 50 itaonyesha sehemu finyu, na darasa zima halitaenea katika picha. Asiyeuliza kipimo cha bamba kabla ya kununua huenda akajuta.

Hesabu ya mwanga

Namba iliyoandikwa kwenye lenzi, kama vile 1.8, hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu la mwanga. Hivyo lenzi ya milimita 50 yenye namba 1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Lenzi nyingi za kuvuta za bei nafuu, zikiwa katika urefu huohuo, huishia karibu na namba 5.6, yaani tundu la milimita 9. Kwa kuwa eneo la duara hutegemea mraba wa kipenyo, lenzi ya kwanza hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Picha iliyohitaji sehemu ya kumi ya sekunde sasa yahitaji sehemu ya mia moja. Katika maabara isiyo na umeme, hiyo ndiyo tofauti kati ya mkono unaoonekana wazi ukimimina kemikali na ukungu mtupu.

Matumizi

Tundu likiwa wazi kabisa, ni tabaka jembamba tu linaloonekana vizuri: ncha ya jani itakuwa safi, na kikonyo chake kitafifia. Kwa jani zima yafaa namba 8, kamera ikiwa imeegemezwa mahali imara. Kupita namba 16 hakufai sana, kwa maana mwanga hutawanyika upitapo katika tundu dogo mno, na picha hupoteza ukali.

Lenzi isipovuta, mpiga picha hana budi kusogea kwa miguu yake. Hivyo hujifunza kuchagua mahali pa kusimama kabla ya kubonyeza.

Anayenunua lenzi iliyotumika aielekeze kwenye mwanga na kuchungulia ndani. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu, ambao hustawi penye unyevu kama pwani ya Afrika Mashariki.

Jaribio

Shika kioo cha kukuzia mbele ya ukuta mweupe, kikielekea dirisha ambalo nje yake pana mti ulio mbali. Kisogeze mpaka taswira ya mti, iliyopinduka, ionekane wazi ukutani. Pima umbali kutoka kioo hadi ukutani: huo ndio urefu wake wa fokasi. Kisha gawanya urefu huo kwa kipenyo cha kioo. Je, namba yake ni ngapi?