Miezi Minne Kabla ya Kidato cha Kwanza: Tusimwache Mtoto Peke Yake

Kila mwaka ifikapo Septemba, watoto wetu wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtihani ukishakwisha, dua husomwa majumbani, na mtoto huambiwa, "Sasa pumzika." Mapumziko hayo huendelea mpaka Januari, kidato cha kwanza kinapofunguliwa. Ni karibu miezi minne. Sisi wa kamati ya msikiti tumeiona miezi hiyo ikipita mwaka baada ya mwaka, na tunaona ni wajibu kuwaeleza wazazi wenzetu tuliyojifunza, tukianza na kosa letu wenyewe.

Kwa muda mrefu, mtoto alipomaliza darasa la saba tulimhesabu kuwa amemaliza na madrasa pia. Wazazi wenye uwezo waliwapeleka watoto wao kwenye masomo ya kulipia ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Watoto wa wasio na uwezo walibaki mtaani: wa kiume akashika beseni la karanga stendi, wa kike akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Miongoni mwao alikuwamo binti yatima, msomaji hodari kuliko wengi katika madrasa yetu. Alichaguliwa kuendelea na sekondari, nasi tukashukuru. Mwezi Machi bibi yake alikuja msikitini akatuambia, "Mjukuu wangu hataki tena shule. Anasema mwalimu anazungumza asichokielewa, naye anaona haya kuuliza." Tulimbembeleza akarudi kwa wiki mbili, kisha akaacha moja kwa moja.

Binti yule hakuwa mvivu wala mzito wa kufahamu. Katika shule nyingi za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto hutakiwa kuuvuka mto huo akiwa ametoka kukaa miezi minne bila kufungua kitabu. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kuingia darasani ni jambo moja, na kuelewa kinachosemwa humo ni jambo jingine.

Jambo hili halipo kwetu tu. Nchini Marekani, ambako shule hufungwa kwa zaidi ya miezi miwili wakati wa kiangazi, mtafiti Karl Alexander na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walianza mwaka 1982 kuwafuatilia watoto wapatao 800 wa mji wa Baltimore, tangu darasa la kwanza. Waliona kwamba shule zinapokuwa wazi, watoto wa maskini na wa wenye uwezo husonga mbele kwa mwendo unaokaribiana. Zinapofungwa, wa wenye uwezo huendelea kupanda, na wa maskini husimama au hurudi nyuma. Katika utafiti walioutoa mwaka 2007, walieleza kuwa takriban theluthi mbili ya tofauti iliyoonekana kati ya makundi hayo mwanzoni mwa sekondari ilitokana na likizo za miaka ya msingi. Wapo watafiti waliokuja baadaye na kuutilia shaka ukubwa wa tofauti hiyo, lakini mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza anaijua hali yenyewe.

Watafiti wale waliifananisha shule na bomba. Likifunguliwa, maji huwafikia wote. Sisi tunaongeza kwamba likifungwa, mwenye tangi nyumbani hana wasiwasi, lakini asiye na tangi hulala na ndoo tupu. Swali letu ni hili: je, msikiti hauwezi kuwa tangi la mtaa?

Vitabu vya sira vinaeleza kuwa baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na fidia walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Ikiwa hata mateka alitumiwa kuwa mwalimu, sisi tuna udhuru gani, ilhali tuna ukumbi unaokaa mtupu, mwalimu mstaafu katika safu ya mbele, na vijana waliomaliza kidato cha sita?

Tulipoanza, tulikosea tena. Tulipanga masomo asubuhi, na ukumbi haukujaa hata nusu. Tulidhani wazazi hawajali. Tulipowauliza kina mama, tulielezwa kuwa asubuhi ndiyo saa ya kuuza maandazi na kuchota maji, na mtoto ndiye msaidizi pekee. Tukahamishia masomo baada ya swala ya Alasiri, na tukaahidi kuwa mabinti watafika nyumbani kabla ya Magharibi. Ukumbi ukajaa.

Tunachofundisha si kingi: Kiingereza cha darasani, hesabu, na kusoma kwa sauti bila kuogopa kukosea. Kila mtoto huazima pia kitabu cha kusoma nyumbani, anachokichagua mwenyewe. Katika jimbo la Florida, Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa familia maskini vitabu 12 vya kujichagulia kila mwaka kwa miaka mitatu, na usomaji wao uliwazidi wenzao wasiopewa.

Ndugu wazazi, hatuwaombi kumwondoa mtoto katika kazi za nyumbani. Tunaomba saa mbili tu za jioni. Wenye vitabu vya kidato cha kwanza vilivyokaa kabatini, tunaomba mtuazime. Vijana mliosoma, tunaomba siku moja katika wiki.

Binti yule sasa yuko nyumbani kwa bibi yake, na tumemwomba naye aje kukaa na wenzake. Hajatujibu. Jumatatu itakayofuata mtihani, baada ya Alasiri, mlango wa ukumbi utakuwa wazi, na nafasi yake ipo.

Wabillahi tawfiq.