Kompyuta kwa Shule ya Sapiwi: Bei ya Bodi Siyo Bei ya Kompyuta

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini mkulima yeyote wa pamba kule Usukuma atakwambia kuwa linapofika suala la plau, asiyechagua hujuta. Plau ambayo vipuri vyake havipatikani mnadani huishia kuegemezwa ukutani wakati mvua inanyesha na majirani wanalima, hata kama mwenyewe aliinunua kwa nusu ya bei.

Leo, ndugu msomaji, tuzungumzie plau ya aina nyingine. Tuseme wewe ni mzaliwa wa Kata ya Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, na kwa sasa kazi imekuweka Mwanza, Shinyanga au Dar es Salaam. Wenzako wa nyumbani mmekubaliana kuchanga fedha ili watoto wa sekondari kijijini wapate chumba cha kompyuta. Kikao kimegawanyika. Wapo wanaotaka kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, kwa kuwa jina lake limesikika kila mahali. Wapo wanaosema, la, ipo nyingine iitwayo Orange Pi, yenye bei nafuu na nguvu zaidi. Kwa nini tulipie jina? Fedha zenyewe ni jasho la mwalimu, la dereva na la mama lishe. Hapana budi zitumike kwa akili.

Ni kitu gani hasa

Zote mbili ni kompyuta za bodi moja. Maana yake ni kwamba ubongo wa kompyuta, kumbukumbu yake na matundu ya kuunganishia nyaya vimewekwa juu ya bodi moja tu. Ile ya Raspberry Pi iliyo maarufu zaidi ina upana na urefu unaokaribia ule wa kadi ya benki. Haina kioo, haina kibodi, haina betri. Vyote hivyo unavitafuta wewe.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, mwaka uleule ambao Simiyu ilitengwa na Shinyanga ikawa mkoa kamili. Ilibuniwa mjini Cambridge, Uingereza, na Eben Upton na wenzake, walioona kuwa vijana wanaokuja kusomea kompyuta chuoni walikuwa wanapungua, na kwamba waliokuja walijua kutumia programu za wengine kuliko kuziandika wao wenyewe. Wakakusudia kutengeneza kompyuta ya bei ndogo ambayo mtoto angeweza kuichezea bila mzazi kuogopa hasara. Bodi hiyo ya kwanza iliuzwa kwa dola 35 za Marekani. Kufikia mwaka 2024 zilikwisha kuuzwa zaidi ya milioni 60.

Penye mafanikio hapakosi mshindani. Kampuni ya Xunlong ya mjini Shenzhen, China, ilitoa bodi zake na kuziita Orange Pi, yaani walitoka kwenye tunda la raspberry wakaenda kwenye chungwa. Ile iliyowavutia wengi ni Orange Pi PC ya mwaka 2015, iliyotangazwa kwa dola 15 tu. Tangu hapo kampuni hiyo imetoa bodi nyingi, ndogo na kubwa, mwaka hadi mwaka.

Mshindani hashindwi kwa nguvu

Tuwe waadilifu. Ukipima nguvu peke yake, Orange Pi si kitu cha kudharauliwa. Orange Pi 5, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2022, ina kichakataji chenye viini 8, na kati ya hivyo 4 ni vya aina yenye nguvu kubwa. Wakati huo Raspberry Pi 4, ya mwaka 2019, ilikuwa na viini 4 vya aina ya zamani zaidi. Raspberry Pi 5 ilifika Oktoba 2023 ikiwa na viini 4 vya aina ileile yenye nguvu, na kwa hiyo pengo likapungua. Aidha, bodi ya Orange Pi 5 ina nafasi ya kuchomeka diski ya kasi moja kwa moja, ambapo kwa Raspberry Pi 5 hapana budi kununua kipande cha ziada.

Tena ukumbuke kwamba kati ya mwaka 2021 na 2023, vipuri vya elektroniki vilipoadimika duniani, Raspberry Pi haikupatikana kwa urahisi, na waliobahatika waliinunua kwa bei ya kuruka. Wengi waliokimbilia Orange Pi siku hizo hawakufanya upuuzi. Walihitaji kazi yao iendelee.

Upande wa pili, Orange Pi 5 ya kawaida haina Wi-Fi ndani yake, unanunua kipokezi. Ina pini 26 za kuunganishia taa na vipimo, na Raspberry Pi ina 40. Jambo hili laonekana dogo, lakini vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa kufuata pini 40. Mwanafunzi atakayefungua kitabu na kukuta mchoro haufanani na bodi iliyo mbele yake, atakwama katika somo la kwanza.

Hesabu ya bei na hesabu ya umeme

Sasa chukua kalamu, ndugu msomaji. Tufanye mfano. Bodi ya kwanza iwe dola 35 na ya mshindani iwe dola 20. Ukizitazama bodi peke yake, umeokoa asilimia 43, na mweka hazina atashangilia. Lakini kila mwanafunzi anahitaji pia kioo, kibodi, kipanya, adapta ya umeme, waya na kadi ya kumbukumbu. Tuseme vyote hivyo vinagharimu dola 100. Sasa kompyuta moja kamili ni dola 135 upande mmoja na dola 120 upande mwingine. Ulichookoa ni asilimia 11 tu. Kwa kompyuta 20 ni dola 300. Fedha hizo zina maana, lakini si muujiza uliotangazwa kikaoni.

Kwa umeme hesabu ni ya namna hiyohiyo. Kompyuta ya mezani ya zamani, pamoja na kioo chake, yaweza kula wati 120. Ishirini zinakula wati 2,400. Zikiwaka saa 6 kwa siku ni uniti 14 na zaidi kidogo. Bodi ndogo kama Raspberry Pi 4 hula wati 5 hivi, na kioo kidogo wati 20. Ishirini zinakula wati 500, yaani uniti 3 kwa saa hizohizo 6. Hapo ndipo penye faida ya kweli kwa shule inayotegemea sola, au inayolipa luku kwa michango ya wazazi.

Lakini tazama vizuri hesabu hiyo: kioo kinakula mara nne ya bodi. Kwa hiyo kikao kinachobishana usiku kucha kuhusu Raspberry Pi na Orange Pi, kisha kikanunua vioo vikubwa bila kusoma maandishi ya nyuma, kimebishania punje na kuacha gunia.

Nani atakuwa fundi

Sasa tumefika kwenye kiini cha mambo. Nchi yetu iliwahi kulipia somo hili. Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mashine zile zilitegemea wataalamu wa kutoka nje, na kazi ya hesabu za Serikali iliyotarajiwa haikwenda kama ilivyokusudiwa. Hasara ikawa kubwa kuliko faida. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya marufuku hiyo kuondolewa. Mtu aweza kubishana kama hatua ile ilikuwa sahihi. Lakini sababu yake haijazeeka: mashine isiyo na mtu wa karibu wa kuielewa ni mzigo, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Kwa kipimo hicho, mizani inaegemea upande wa Raspberry Pi. Mfumo endeshi wake unatunzwa na watengenezaji wenyewe, na toleo la Oktoba 2023 lilikubali kufanya kazi hata katika bodi za mwanzo za mwaka 2012. Maana yake ni kwamba shule iliyonunua bodi miaka 11 nyuma haikutupwa njiani. Maelezo, vitabu na masomo yake ni mengi mno, na mwalimu mwenye simu na bando dogo aweza kutafuta kosa analoliona kwenye kioo akamkuta mtu aliyekwisha kulitatua.

Orange Pi nayo ina mifumo inayotolewa na kampuni yake, na ipo mingine, kama Armbian, inayotunzwa na watu wanaojitolea. Lakini bodi za kampuni hiyo ni za aina nyingi zenye vichakataji tofauti, na si kila bodi hupata uangalizi wa miaka mingi. Mtaalamu hatishiki na jambo hilo. Mwalimu wa hisabati aliyekabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta, akiwa na vipindi vyake na watoto wake nyumbani, atatishika.

Kwamba kompyuta hizi zaweza kufanya kazi katika mazingira yetu si nadharia tupu. Wilayani Karatu, Mkoa wa Arusha, shirika la Powering Potential liliendesha katika miaka ya 2010 mpango wa kuzipatia shule za sekondari kompyuta za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Tofauti ya Karatu na Sapiwi si kubwa kwa jua wala kwa vumbi.

Maradhi ya kawaida

Bodi yoyote utakayochagua, jihadhari na mambo manne. La kwanza ni kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika ghafla kadi huweza kuharibika, na kompyuta isiwake tena hadi iandikwe upya. Nunua kadi halisi na uweke akiba ya kadi tano zilizokwisha kuandikwa. La pili ni adapta. Chaja ya simu iliyo dhaifu hufanya kompyuta izimike yenyewe, na watu wakalaumu bodi bure. La tatu ni joto na vumbi: weka bodi ndani ya kasha lenye kupitisha hewa. La nne ni saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Isipokuwa na intaneti husahau tarehe kila izimwapo, na kazi za wanafunzi huandikwa siku zisizo zake.

Wala usinunue chuma ukasahau kitakachosomwa. Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu kwa vipande vya picha, ina Kiswahili. Kiwix huwezesha kuhifadhi Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, ikasomwa bila intaneti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu mwaka 2004. Lugha yetu imo tayari. Kinachotakiwa ni mtu wa kuifungua.

Uamuzi

Basi ushauri wetu ni huu. Kwa madawati ya wanafunzi, chagueni Raspberry Pi, na wala si lazima iwe ya toleo jipya kabisa. Raspberry Pi 4 yatosha kwa kuandika, kuhesabu na kujifunza kupanga programu. Kwa kisanduku kimoja cha maktaba, kitakachofungwa mara moja na mtu anayejua kisha kikae kabatini kikigawa masomo kwa kompyuta nyingine, Orange Pi yafaa sana, na nguvu yake ya ziada itaonekana hapo. Ikiwa katika ukoo wenu yupo kijana fundi aliye tayari kushika dhamana ya Orange Pi kwa maandishi, na anayeishi karibu, mizani yaweza kugeuka. Na ikiwa nia ni kuchapa barua za ofisi tu, kompyuta ya mkononi iliyotumika, yenye betri nzima, huenda ikawa bora kuliko zote mbili.

Kwa wewe mzazi wa mjini unayemfikiria mwanao, hesabu ni nyepesi zaidi: televisheni iliyo sebuleni yaweza kuwa kioo, na hivyo sehemu kubwa ya gharama imekwisha kuondoka. Itabidi tu mkubaliane nani ataachia taarifa ya habari.

Kabla ya kulipa, nunueni mbili tu kwanza. Mpeni mwalimu akae nazo muhula mzima. Muulizeni muuzaji: ikifa, nyingine nitaipata wapi, na baada ya siku ngapi? Muulizeni mwalimu: ulipokwama, ulimuuliza nani? Majibu ya maswali hayo mawili yatawaambia mengi kuliko bei iliyobandikwa kwenye boksi. Watoto wa Sapiwi hawatakumbuka tulinunua tunda gani. Watakumbuka kama kompyuta iliwaka siku ya somo.