Kibanja cha malipo ya awamu: Mkataba utenguliwe au utekelezwe?

MTU akinunua kibanja kwa malipo ya awamu, kisha kabla ya kumaliza deni akamhamishia mwingine mkataba wake, kibanja ni cha nani pale muuzaji wa kwanza anapogeuka?

Tuchukue mfano. Mzee wa Ihembe, wilayani Karagwe, anauza kibanja chenye migomba na kahawa kwa Sh milioni 8. Mnunuzi analipa milioni 5 na kuahidi kumalizia baada ya msimu wa kahawa. Msimu haujafika, naye anauhamishia mkataba kwa mfanyabiashara wa Kayanga. Bei ya ardhi imepanda, na mzee anatangaza kuwa mkataba umekufa. Mfanyabiashara hataki kurudishiwa fedha, anataka kibanja.

Kanuni ya kwanza ni kwamba aliyehamishiwa mkataba hapati haki kubwa kuliko ya aliyemhamishia. Anaupokea pamoja na kasoro zake. Tena, haki ya kudai kibanja yaweza kuhamishwa, lakini deni la milioni 3 halimtoki mnunuzi wa kwanza bila mzee kuridhia.

Je, mzee anaweza kuutengua mkataba? Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamruhusu ikiwa malipo yamechelewa na pande zote zilikusudia kwamba tarehe ile ndiyo msingi wa makubaliano. Kama sivyo, anastahili fidia ya ucheleweshaji tu. Kupanda kwa bei si sababu. Na hata akiwa na haki ya kutengua, kifungu cha 64 kinamtaka arejeshe alichokwisha kupokea. Hapo ndipo wauzaji wengi hukwama, kwa kuwa fedha zilikwisha kwenda kwenye ada za shule au matibabu.

Kwa upande wa mfanyabiashara, mahakama huwa nyepesi kuamuru mkataba wa ardhi utekelezwe kama ulivyoandikwa, kwa hoja kwamba hakuna kibanja kinachofanana na kingine. Lakini kwanza huuliza iwapo mkataba ulikuwa halali. Je, uliandikwa? Kama ni nyumba ya familia, mke au mume aliridhia? Na kubwa kuliko yote, baraza la kijiji liliidhinisha? Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1985 kuwa uuzaji wa ardhi ya kijiji bila idhini ya mamlaka ya kijiji hauna nguvu. Mfanyabiashara wetu anahitaji idhini mbili, ya mauzo ya kwanza na ya pili. Akiikosa mojawapo, atabaki kumdai fedha aliyemuuzia, si kumdai mzee kibanja.

Mkoani Kagera kuna jambo jingine, nalo ni ukoo. Katika shauri mashuhuri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, mwanamke aliuza shamba la ukoo mwaka 1988 kwa Sh 300,000 na mpwa wake akataka mauzo yabatilishwe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Mauzo yakabaki halali, ila mpwa akapewa miezi sita kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha hizo. Hukumu hiyo husifiwa, kwa haki, kama ushindi wa wanawake. Mnunuzi wa vibanja aisome pia kwa ajili ya miezi ile sita.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena uamuzi, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake Mahakama Kuu. Anayedai kwa msingi wa mkataba ana miaka sita. Anayedai ardhi yenyewe ana miaka 12.