Chanjo ya Kifua Kikuu na Saratani ya Kibofu

Kovu dogo walilo nalo wengi wetu mkononi au begani, alama ya chanjo ya BCG tuliyopigwa uchangani ili tukingwe na kifua kikuu, ni athari ya dawa ambayo kwa takriban nusu karne imekuwa vilevile tegemeo la matabibu dhidi ya saratani ya kibofu cha mkojo. Nami naona ni haki yake itajwe mbele ya dawa mpya za kinga zinazosifiwa leo.

Asili yake ni Lille, Ufaransa, ambako mwaka 1908 wanasayansi Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuotesha vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo, wakivihamisha zaidi ya mara 200 kwa muda wa miaka 13, hata ukali wake ukafifia. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales na wenziwe, huko Kingston nchini Kanada, wakatangaza habari za wagonjwa 9 waliotiwa dawa hiyo ndani ya kibofu chenyewe, mara moja kila juma kwa majuma sita, utaratibu ambao hospitali za ulimwengu zingali zikiufuata.

Daktari akisha kuukwangua uvimbe, na jeraha likapona, mgonjwa huwekwa mpira wa mkojo, dawa ikamiminwa, naye akajizuia asikojoe kwa muda wa saa mbili. Vijidudu hivyo, vilivyo hai ilhali vimedhoofishwa, hujigandisha kwenye utando wa kibofu na kuingia katika seli za saratani. Ndipo chembe nyeupe za damu humiminika mahali pale kama jeshi lililosikia baragumu, zikaangamiza kijidudu na saratani pamoja. Mkojo huunguza, homa huja, na haja ndogo haimpi mtu usingizi. Taabu hiyo wengi huistahimili, maana lau saratani ingepenya hadi kwenye msuli, BCG isingetosha tena.

La kusikitisha ni kwamba dawa hii, kwa kuwa ni rahisi kwa bei na huoteshwa polepole, ina watengenezaji wachache mno, na tangu kiwanda kimoja cha Toronto kilipoingiliwa na maji mwaka 2012 uhaba wake umewalazimu madaktari kuigawa dozi moja kwa wagonjwa kadhaa.

Kwa saratani iliyokwisha kuenea, dawa za kuifungulia kinga ya mwili zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2016. Na mwaka 2023 ilidhihirika kuwa pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo, ikiambatanishwa na enfortumab vedotin, dawa inayopeleka sumu kwenye seli za saratani, nusu ya wagonjwa huishi zaidi ya miezi 31, ilhali kwa dawa za kemikali za zamani ni miezi 16.

Lakini kwetu Tanzania, katika kanda ya Ziwa na visiwani Unguja na Pemba, kichocho cha mkojo kisipotibiwa kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya namna nyingine, ya seli bapa, ambayo BCG haiifai kitu. Tegemeo kubwa la wenye maradhi hayo lingali kisu cha mpasuaji, na wengi wao hufika hospitali wakiwa wamekojoa damu miezi mingi, wakidhani ni kichocho kile kile cha utotoni.